Mashauri kwa Wenye Motokaa: Gurudumu Liingialo Si Lazima Liwe Lifaalo

Motokaa ina vyombo vingi vya thamani, lakini vyote hushikwa na barabara kwa vipande vinne vya mpira, na kila kipande kigusacho ardhi si kikubwa sana kupita kiganja cha mtu mzima. Mkulima wa Othaya apelekaye maziwa alfajiri, karani wa Nyeri aendaye kazini, na mfanya biashara wa Karatina achukuaye viazi na kabichi mpaka Nairobi, wote wameyakabidhi maisha yao kwa vipande hivyo vinne. Kwa hiyo si jambo dogo mtu anapobadili gurudumu.

Gurudumu huharibika, hata la mtu aliye mwangalifu. Wakati wa mvua za masika, njia za udongo mwekundu za Tetu na Mukurweini hujaa maji, na dereva hawezi kujua kama mbele yake pana dimbwi la kina cha kidole au shimo la kina cha goti. Ringi ikigonga ukingo wa shimo hilo hupindika, na kama ni ya aloi huweza kupasuka. Ndipo mwenye gari atafutapo nyingine, na kwa kuwa mpya ni ghali, hununua iliyokwisha kutumika. Muuzaji humwambia, "Mzee, hii ina matundu matano kama ya gari lako. Itaingia tu." Na mara nyingi huingia kweli. Nati hufungwa, fedha hulipwa, na gari huondoka. Hatari huanza hapo, kwa maana gurudumu liingialo si lazima liwe lifaalo.

ASILI YA KOSA HILI

Zamani magari ya mashambani yalikuwa ya namna chache. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, ikiwa na bolti tano zilizopangwa katika duara la inchi sita na nusu, yaani milimita 165.1. Kipimo hicho cha duara hakikubadilika mpaka Defender ya mwisho ya namna ile ilipotoka kiwandani Uingereza mwezi wa Januari, 2016. Basi kwa miaka karibu sabini mkulima mwenye Land Rover kuukuu aliweza kuazima gurudumu la jirani bila wasiwasi mwingi. Mazoea hayo yaliwafunza watu kuhesabu matundu na kuridhika.

Lakini hata siku zile hesabu ya matundu haikutosha. Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoonekana sana katika miaka ya 1950, nayo ilikuwa na bolti tano, ila duara lake lilikuwa milimita 205. Na hata jina moja la kiwanda si dhamana. Discovery za kwanza zilifuata kipimo kile cha Land Rover cha 165.1, zile za namna ya pili, zilizoanza mwaka 1998, zina matundu matano katika duara la milimita 120. Majina ni yale yale, na magurudumu hayabadilishiki.

Leo mambo yamezidi kuwa mengi. Magari mengi yaingiayo Kenya ni yaliyotumika Japani, na sheria hairuhusu gari lililopita umri wa miaka minane. Katika kituo kimoja cha magari mjini Nanyuki au Meru mtu huweza kuona Toyota, Nissan, Subaru, Mazda, Honda, Isuzu na Mitsubishi zimesimama bega kwa bega. Ringi zao hufanana kwa macho kama mbegu za maharagwe, lakini hutofautiana kwa milimita chache ziwezazo kumgharimu mtu maisha yake. Basi mwenye gari hana budi kujua vipimo vyake.

KIPIMO CHA KWANZA: DUARA LA MATUNDU

Si matundu tu yahesabiwayo, bali pia upana wa duara lipitalo katikati ya matundu hayo. Toyota Probox ina matundu manne katika duara la milimita 100. Toyota Premio ina matano katika duara la 100. Toyota Noah, RAV4 na Harrier zina matano katika duara la 114.3. Land Cruiser 200 ina matano katika duara la 150, hali Prado na Hilux ya kuvuta kwa magurudumu yote manne zina sita katika duara la 139.7. Zote hizi ni Toyota.

Tarakimu kama 114.3 na 139.7 huwashangaza watu. Asili yake ni inchi: ya kwanza ni inchi nne na nusu, na ya pili ni tano na nusu.

Kupima ni kazi nyepesi. Ringi ikiwa na matundu manne au sita, pima toka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linalolielekea upande wa pili. Hicho ndicho kipimo. Ringi ya matundu matano haina tundu linaloelekea jingine, kwa hiyo pima toka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata karibu milimita 59, duara ni 100. Ukipata 67, ni 114.3, ukipata 88, ni 150, na ukipata 97, hiyo ni Land Rover ya zamani.

Wenye magari ya mizigo nao wasidanganywe na matundu sita. Nissan Navara ya namna iliyoanza mwaka 2005 ina sita katika duara la 114.3, wala si 139.7 kama Hilux. Hapa kosa huonekana mara moja, kwa kuwa ringi haiingii kabisa. Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana. Volkswagen nyingi za siku hizi zina duara la milimita 112. Ringi ya 114.3 hutofautiana nalo kwa milimita 2.3 tu, na mtu mwenye nguvu na spana ndefu aweza kuilazimisha. Bolti huingia zikiwa zimepinda, kila mzunguko wa gurudumu huzikunja kidogo, na siku moja hukatika. Vivyo hivyo asikubali mtu yeyote ringi iliyotanuliwa matundu kwa tupa ili ipate kuingia.

KIPIMO CHA PILI: TUNDU LA KATI

Hiki ndicho kipimo kisahauliwacho na wengi. Katikati ya ringi pana tundu kubwa, na katikati ya ekseli pana kitovu kilichotokeza, ambacho mafundi hukiita habu. Katika magari mengi tundu hilo hukaa juu ya habu kwa kubana sawasawa, na ndiko huiweka ringi katikati barabara.

Mfano ulio wazi ni wa magari mawili yapendwayo sana katika miji ya Mlima Kenya, Toyota Premio na Subaru Forester. Premio ina matundu matano katika duara la milimita 100, na Forester zilizotengenezwa kabla ya namna ile iliyotoka mwaka 2018 zina hivyo hivyo. Kwa mhesabu matundu ni ndugu wa tumbo moja. Lakini habu ya Toyota ni milimita 54.1, na ya Subaru ni 56.1. Ringi ya Premio haiwezi kukaa juu ya habu ya Subaru. Atakayeikaza kwa nguvu za nati ataifanya ikae juu ya ukingo wa habu, isiguse uso wake barabara. Ringi ya Subaru, kwa upande mwingine, huingia katika Premio kwa urahisi, lakini huacha nafasi ya milimita mbili. Isipokazwa kwa uangalifu itakaa upande, na dereva atauona usukani ukitetemeka afikapo kasi ya barabara kuu.

Dawa yake ipo, nayo ni pete ya kujaza nafasi hiyo, yenye kipenyo cha nje cha 56.1 na cha ndani cha 54.1. Ni kitu kidogo, lakini lazima kiwe cha kipimo hicho hasa. Hakuna dawa ya tundu lililo dogo kuliko habu, isipokuwa kutafuta ringi nyingine. Ndivyo ilivyo kwa mwenye Nissan Note, ambayo habu yake ni 60.1, apewapo ringi ya Probox ya 54.1, duara ni lile lile la matundu manne na milimita 100, lakini ringi haifai. Na katika magari ya mizigo tofauti huwa kubwa mno: Hilux ya kuvuta kwa magurudumu manne ina tundu la kati la milimita 106 hivi, hali ya Mitsubishi L200 ni 67.1, ingawa zote zina matundu sita katika duara la 139.7.

KIPIMO CHA TATU: KINA CHA RINGI

Nyuma ya ringi nyingi za aloi pameandikwa maneno kama 15x6J ET45. Kumi na tano ni kipenyo kwa inchi. Sita ni upana kwa inchi. Na ET45 huonyesha kwamba uso ushikanao na habu uko milimita 45 nje ya mstari wa katikati ya upana wa ringi. Herufi hizo mbili zimetoka katika neno la Kijerumani, na si lazima mtu alijue. Yatosha kuijua tarakimu.

Kama gari lilitoka na ET45, na mwenyewe akafunga ET20 ya upana ule ule, kila gurudumu litatokeza nje milimita 25 zaidi. Vijana huona ni urembo. Lakini siku ya kupakia magunia, tairi litakwaruza ukingo wa bodi. Beringi zitabeba mzigo kwa namna zisivyokusudiwa. Na usukani utavutwa kila gurudumu moja liingiapo tope. Tarakimu ikizidi kuliko ya asili, gurudumu huingia ndani na kukwaruza springi au kigawe cha breki. Afadhali tarakimu iwe ile ile ya asili au ikaribiane nayo sana. Wala asisahau mtu kwamba ringi ndogo ya inchi 14 yaweza kukataa kuzunguka katika gari lenye breki kubwa, hata kama matundu yote yamelingana.

NATI NAZO ZINA KABILA

Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi kwa kawaida hutumia bolti za unene wa milimita 12 na hatua ya uzi ya 1.5. Nissan na Subaru hutumia unene huo huo, lakini hatua ya uzi ni 1.25. Nati ya Toyota huanza vizuri katika bolti ya Subaru, kisha hukwama. Fundi mwenye haraka huendelea kwa spana ndefu, naye huuharibu uzi wote. Kanuni ni kwamba nati huanzwa kwa vidole tu. Ikikataa vidole, isilazimishwe. Nayo yapasa ishike uzi kiasi cha unene wa bolti yenyewe. Katika bolti ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, hiyo ni mizunguko minane kamili.

Tena itazamwe sura ya nati mahali iishikapo ringi. Nyingine zina ncha ya pia, nyingine, kama za Honda, zina mviringo wa mpira, na nyingine za ringi za aloi za Toyota zina shingo na washa bapa. Nati ya pia katika kiti cha mviringo hugusa mstari mwembamba tu. Hujifanya imekaza, kumbe itajifungua njiani. Kwa sababu hiyo anunuaye ringi aulize na nati zake.

TAIRI LENYEWE

Ubavuni mwa tairi pameandikwa, mathalan, 195/65R15 91H. Upana ni milimita 195. Urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Ringi ni inchi 15. Hesabu yake hutoa gurudumu la kimo cha milimita 634 na nusu. Atakaye ringi ya inchi 16 aweza kutumia 205/55R16, ambalo kimo chake ni milimita 632, tofauti isiyodhuru. Lakini akifunga 205/65R16, kimo hufika 673. Mshale wa mwendo utakapoonyesha kilomita 80, gari litakuwa linakwenda 85 kwa saa, na dereva hajui.

Tarakimu 91 huonyesha uzito uwezao kubebwa na tairi moja, nao ni kilo 615. 88 ni kilo 560. Jambo hili ni la wakulima hasa. Gari dogo la mizigo hupewa kiwandani matairi ya ubavu mgumu, yenye alama kama LT au C. Mwenye gari akiyatoa na kuweka ya gari la abiria kwa sababu ni rahisi, kisha akapakia mzigo ule ule wa chai au viazi, ameyapa matairi kazi isiyo yao. Hupata joto, na joto ndilo lipasualo tairi.

Pia itazamwe tarehe. Baada ya herufi DOT hufuata alama kadhaa, na tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno marefu na kung'aa kwa rangi iliyopakwa jana, kumbe limezeeka na lina nyufa ndogo ubavuni.

Wenye Subaru na magari mengine yavutayo kwa magurudumu yote wakati wote wana sharti moja zaidi. Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja, na uchakavu wake ukaribiane. Moja likiwa jipya na matatu yamekwisha, magurudumu huzunguka kwa hesabu mbalimbali, na meno ya kati yagawayo nguvu hufanya kazi bila kupumzika mpaka yaungue. Mtu huyo amejinunulia tairi moja, na kisha atanunua giaboksi.

KABLA YA KULIPA NA BAADA YA KUFUNGA

Vipimo vya tairi na upepo vimeandikwa katika karatasi iliyobandikwa penye fremu ya mlango wa dereva. Hata karatasi ikiwa ya Kijapani, tarakimu ni zile zile. Ikisema 220, hiyo ni kilopaskali, nayo ni sawa na 32 katika kipimo kitumiwacho na watia upepo wengi. Mwenye gari aziandike tarakimu hizo, pamoja na duara, tundu la kati na ET, katika kitabu kidogo, akiweke garini. Aendapo kutafuta ringi, iwe Nyeri, Karatina, Embu au mpaka Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, achukue ringi ya zamani pamoja naye, hata kama imepasuka. Aziweke mbili hizo uso kwa uso, kisha mgongo kwa mgongo, apime.

Ringi iliyotumika izungushwe mbele ya macho kuona kama inayumba. Itazamwe kwa ndani, ambako nyufa na alama za kuchomelewa hufichwa na tope na rangi. Ya chuma iliyopindika kidogo ukingoni fundi hodari aweza kuinyosha. Ya aloi iliyochomelewa haifai kuaminiwa kubeba watoto wa shule. Kisha, kabla ya fedha kutoka mfukoni, ifungwe garini na kuzungushwa kwa mkono, usukani ukiwa umekatwa kulia na kushoto.

Wakati wa kufunga, uso wa habu usuguliwe kutu na udongo. Nati zikazwe kwa kuruka, moja huku na nyingine kule, wala si kwa kuzunguka. Mkazo wa mwisho ufanywe kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Toyota nyingi ndogo zimeandikiwa nyutoni mita 103. Baada ya kwenda kilomita 50 mpaka 100 zikazwe tena, kwani ringi ngeni hujikalisha. Na gurudumu jembamba la akiba, lililoandikwa mwisho wake kilomita 80 kwa saa, ni la kumfikisha mtu kwa fundi, si la kutumiwa juma zima.

Barabara iteremkayo toka Nyeri kupitia Karatina mpaka Sagana ina magari mengi yaendayo kwa kasi, mabasi na malori yakiwa miongoni mwao. Gurudumu likitoka hapo, halichagui la kugonga. Aweza kuwa mwenye gari, aweza kuwa mama aliyesimama kando na kikapu chake cha ndizi, ambaye hakushiriki katika ununuzi ule. Wazee walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Fedha iliyookolewa kwa ringi isiyolingana hurudi kudaiwa, na mdai wake haji kwa barua. Mwenye gari na apime kwanza, ndipo anunue.